Reli Kwanza, Nyumba Baadaye

Mtu akaaye mbali na kazi yake hutumia nguvu na fedha nyingi njiani kabla hajaanza kutafuta riziki. Baraza la Mji wa Stockholm, nchini Uswidi, liliitazama shida hiyo baada ya vita vya 1939–1945. Kwa kuwa ardhi ya pembeni mwa mji lilikuwa limekwisha inunua zamani, mkuu wa mipango ya mji, Bwana Sven Markelius, aliweza kupanga reli na nyumba pamoja.

Treni zilifika Vällingby mwaka 1952. Mtaa ukafunguliwa rasmi mwaka 1954. Maduka yaliwekwa penye stesheni. Nyumba za ghorofa zilijengwa karibu, katika kadiri ya nusu kilomita. Nyumba ndogo zenye bustani zikawa nyuma yake. Sababu ni hii: penye abiria wengi ndipo treni ziwezapo kupita mara kwa mara.

Ilitumainiwa kwamba nusu ya wafanya kazi wangepata kazi papo hapo, lakini wengi waliendelea kwenda mjini kila siku. Hata hivyo hawakutaabika, maana stesheni ilikuwa karibu na milango yao.