Tezi ya shingo: chakula kinasaidia wapi, na wapi ni vidonge tu?

Kila tunapogusa suala la tezi ya shingo katika kipindi cha afya, simu ya studio hujaa ujumbe. Wengi wanauliza jambo moja kwa namna tofauti: niache kabichi? Ninywe unga wa mwani? Kuna dawa ya kopo nimeambiwa inaondoa goita, ni kweli? Wapo pia wanaotuandikia kwamba wameshaacha vidonge vya hospitali kwa sababu wamepata "tiba ya lishe". Hao ndio waliotusukuma kuandika makala haya.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, na umbo lake linafanana na kipepeo. Hutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Ili izitengeneze inahitaji madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, kiasi kidogo mno: ukiishi miaka 70, jumla yake ni takriban gramu 4. Lakini kisipopatikana, tezi hutanuka ikijaribu kukusanya kila chembe inayopita. Uvimbe huo ndio goita, au rovu kama wazee wanavyouita.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaufahamu vizuri. Mvua za miaka mingi zimesomba madini joto kutoka kwenye udongo wa milimani na kuyapeleka baharini, kwa hiyo hata mboga uliyoilima mwenyewe kwa samadi nzuri inaweza kuwa nayo kidogo sana. Katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini hayo kwenye chumvi. Ndiyo maana vijana wengi wa leo hawajui shingo za bibi zao zilikuwaje.

Kwa hiyo kinga iko jikoni, na ni ya bei ndogo. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo, ukitumia kijiko kimoja cha chai kwa siku (gramu 5, na usizidishe hapo kwa ajili ya shinikizo la damu), inakupa zile mikrogramu 150. Tatizo ni chumvi ya mawe inayouzwa kwa kisado bila nembo, na chumvi nzuri inayoachwa wazi juani au karibu na moshi. Madini joto hupotea kwa unyevu, joto na mwanga. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, na uitie mboga inapokaribia kuiva. Zile chumvi za rangi ya waridi zinazosifiwa mitandaoni kwa kawaida hazijaongezwa madini joto.

Kuhusu kabichi, tulieni. Ikipikwa na ikaliwa kwa kiasi cha kawaida haina shida kwa mtu anayepata madini joto ya kutosha. Mihogo inahitaji uangalifu zaidi. Mihogo michungu isiyolowekwa na kuanikwa vya kutosha hubaki na sumu ya sayanidi, na mwili unapoivunja hupatikana kemikali inayoizuia tezi kunyonya madini joto. Anayekula ugali wa muhogo kila siku na chumvi yake haina madini joto anapigwa pande mbili.

Sasa tuje kwa aliyekwisha kuugua. Si kila ugonjwa wa tezi unatokana na upungufu wa madini joto. Kuna watu ambao kinga ya mwili wao imeigeukia tezi ikaiharibu, na wengine tezi imeondolewa kwa upasuaji. Hawa huchoka, husikia baridi, huongezeka uzito, hupata choo kigumu na ngozi kavu. Tezi iliyoharibika haiwezi kufufuliwa na chumvi wala mwani. Wanahitaji homoni yenyewe, yaani vidonge vya levothairoksini, mara nyingi maisha yote. Akiviacha, hatadondoka kesho yake. Huzorota polepole kwa wiki na miezi, na hapo ndipo watu hudanganyika kwamba lishe imefanya kazi.

Wengine tezi yao inafanya kazi kupita kiasi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, wanakonda huku wanakula. Kwao madini joto ya ziada ni hatari. Hata mwenye goita ya siku nyingi yenye vinundu anaweza kuingia kwenye hali hiyo akipewa madini joto mengi kwa ghafla. Ilionekana Zimbabwe na Kongo katika miaka ya 1990 baada ya chumvi yenye madini joto kusambazwa. Unga wa mwani na makopo ya virutubisho ni vya kuogopwa hapa, maana kiasi kilichomo mara nyingi hakijulikani.

Kwa wanaomeza levothairoksini, saa ya kula ina maana kuliko aina ya chakula. Meza asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Uji wa lishe wenye soya hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, hivyo usiusogeze karibu na kidonge. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisiamu vikae mbali kwa saa 4. Na wanaotumia biotini kwa ajili ya nywele na kucha, mwambieni daktari kabla ya kupima: inaweza kupotosha majibu ya damu.

Wajawazito tunawaweka peke yao. Ubongo wa mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, unategemea homoni ya mama. Kama ulikuwa unatumia vidonge vya tezi na umegundua una mimba, usisubiri tarehe ya kliniki. Endelea na dawa na uende ukapimwe wiki hiyo hiyo, kwa sababu wengi huhitaji kuongezewa dozi. Ukipewa FEFO, meza jioni, na kile cha tezi kibaki asubuhi.