Saa 72

Mtu aliyepigwa na mume, na jirani, au na mpita njia asiyemjua, hufika katika idara ya dharura pamoja na wenye homa na majeruhi wa pikipiki, na aghalabu haitaji kilichomleta, bali hudai kwamba ameteleza bafuni. Tabibu mzoefu huyasikiliza maneno hayo kwa adabu, ilhali macho yake yako mkononi: aangukaye hujizuia kwa viganja, walakini apigwaye huinua mikono kuukinga uso, na pigo humpata katika mfupa wa kigasha, upande wa kidole cha mwisho. Ikiwa sauti imekwaruza, au kumeza mate kunamwia taabu, huulizwa kama alikabwa koo. Kwani kukabwa huweza kusiache alama hata moja shingoni, kumbe mshipa uendao ubongoni umechanika kwa ndani, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye.

Maswali hayo hayaulizwi mbele ya aliyemsindikiza. Huyo huombwa kwa staha angoje nje. Pengine ndiye mpigaji.

Kwa aliyebakwa, jambo kubwa ni wakati. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI sharti zianzwe kabla ya kutimia saa 72, na bora ndani ya saa za mwanzo, kisha humezwa siku 28 mfululizo. Ya kuzuia mimba haifai kupita siku 5. Nguo alizovaa hazifuliwi, nazo hutiwa katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu uliofungiwa huiharibu ithibati. Aliyekwisha koga asikate tamaa. Na aende vivyo hivyo.

Tanzania Bara kuna fomu ya polisi iitwayo PF3, ambayo tabibu huijaza na mahakama huipokea. Ina haki yake, lakini imezoeleka kudhaniwa kuwa ni idhini ya kutibiwa, hata mtu avujaye damu akapelekwa kituoni kwanza. Kwa rai yangu hilo ni kuigeuza hekima juu chini, maana karatasi yaweza kungoja na damu haingoji. Zanzibar, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, kituo cha Mkono kwa Mkono kilianzishwa mwaka 2011 ili tabibu, askari na mshauri wakutane chini ya paa moja, mtu asilazimike kuisimulia karaha yake mlango baada ya mlango. Rwanda ilikuwa imekwisha anza kituo cha namna hiyo, kiitwacho Isange, pale Kacyiru mwaka 2009.

Kabla ya kuruhusiwa kuondoka, majeruhi huulizwa atalala wapi usiku huo, kama kuna silaha nyumbani, na kama amewahi kukabwa kabla ya siku ile, kwa kuwa aliyekabwa mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mkono ule ule. Majibu yakitisha, tabibu mwenye busara humpa kitanda wodini, ingawa kidonda chenyewe hakikihitaji.