Pimeni Wenyewe Mradi Wenu

Tuseme uko Nduguti, wilaya ya Mkalama. Ni mwezi wa Septemba na mvua bado iko mbali. Akina mama wameamka alfajiri kwenda kisimani. Wanasukuma mpini wa pampu, lakini maji hayatoki.

Kwenye karatasi za ofisini kisima hicho kimeandikwa kwamba kipo. Ni kweli kipo. Lakini karatasi ilihesabu pampu, haikuhesabu ndoo. Anayejua habari za kisima ni yule anayebeba ndoo. Yeye hakuulizwa.

Je, wanakijiji wanaweza kuchunguza na kupima miradi yao wenyewe? Wanaweza. Tuwatazame wenzetu wa mkoa wa Iringa.

Mwaka 1983 Serikali, pamoja na mashirika ya UNICEF na WHO, ilianza mradi wa lishe ya watoto mkoani humo. Ulianza katika vijiji 168. Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Akina mama walileta watoto wao wa chini ya miaka mitano, wakapimwa uzito hapo hapo kijijini. Uzito uliandikwa kwenye kadi yenye rangi. Kijani, mtoto anaendelea vizuri. Kijivu, mwangalie. Nyekundu, kuna hatari. Hata mzazi asiyejua kusoma aliiona rangi ya mwanawe.

Hesabu hiyo haikwenda mjini tu. Kamati ya kijiji iliijadili. Wanakijiji walijiuliza maswali matatu. Hali ikoje? Kwa nini iko hivyo? Tufanye nini kwa uwezo tulio nao?

Swali la pili ndilo gumu. Mtu atasema upesi, "Mtoto amekonda kwa sababu hakuna chakula." Lakini pengine chakula kimo ghalani. Mtoto analishwa mara mbili tu kwa siku, kwa kuwa mama yuko shambani tangu asubuhi. Tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kula ugali mwingi kwa mara moja, kama baba yake. Anataka kula kidogo kidogo, mara nyingi. Basi vijiji vikaanzisha mahali pa kulishia watoto mchana, mama zao wakiwa kazini.

Kufikia mwaka 1988, watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji vile walipungua. Walikuwa 6 hivi katika kila watoto 100. Wakawa chini ya 2.

Sasa turudi kisimani. Huna haja ya mizani. Tafuteni vibuyu viwili na punje za mahindi. Siku pampu inapotoa maji, tieni punje moja katika kibuyu cha kwanza. Siku ikikataa, tieni katika cha pili. Zibeni midomo ya vibuyu, kuku wasije wakala hesabu yenu! Kazi hii wapeni akina mama wanaochota maji. Mwenyekiti hachoti maji.

Baada ya miezi mitatu hesabuni punje. Hapo mtajua hali. Kisha ulizeni kwa nini. Labda kipuri kimekwisha. Labda fundi yupo, lakini hajalipwa. Labda fedha za maji zimechangwa na daftari halijasomwa mbele ya watu. Mkifika hapo baadhi watanyamaza, na wengine watasema mnatafuta ugomvi. Msiogope. Mnaulizia maji yenu na fedha zenu.

Kwa utaratibu wa nchi yetu, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila miezi mitatu. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, mwanamke kwa mwanamume. Mapato na matumizi ya kijiji husomwa hapo.

Nendeni na vibuyu vyenu. Mwageni punje juu ya meza, mzihesabu mbele ya wote. Kisha mwombeni mtunza fedha afungue daftari.