Usiamini kila 'utafiti': Uliza kwanza nani alilinganishwa na nani

JUMA lililopita mama mmoja aliye katika kamati ya wazazi ya shule ya msingi alinijia kliniki na daftari mkononi. Shule yao ilianza kutoa uji wa saa nne kwa watoto ambao wazazi wao wamelipa. Muhula ulipokwisha, rejista ilionyesha kwamba wanywaji uji walikosa shule siku chache kuliko wenzao. Sasa kamati yataka kila mzazi atozwe pesa za uji.

"Daktari, si huu ni utafiti tosha?" aliuliza.

Msomaji, wewe ungemjibu vipi? Uji ni chakula kizuri. Lakini daftari lile lilikuwa na kasoro tatu.

Kwanza, waliolipa ni wazazi wenye uwezo. Mtoto wao hulala ameshiba, na akiugua hutibiwa upesi. Huenda angefika shuleni hata bila uji.

Pili, mwalimu anayetia alama kwenye rejista anamjua kila anayekunywa. Akiupenda mradi, kalamu yake yaweza kuupendelea bila yeye kukusudia.

Tatu, watoto hugawana. Asiyelipiwa huonjeshwa na rafikiye, na tofauti kati ya makundi hayo mawili ikafichika.

Kasoro hii ya tatu ilijitokeza waziwazi katika dawa za minyoo. Zamani watafiti wengi walitibu baadhi ya watoto na kuwaacha wengine katika shule iyo hiyo. Lakini mayai ya minyoo huenezwa kwa kinyesi. Ukimtibu mmoja, umempunguzia mwenzake hatari pia. Wote wakapata nafuu, na dawa ikaonekana haina faida kubwa.

Huko Busia, kuanzia mwaka 1998, wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walirekebisha jambo hilo. Walichukua shule 75, wakazigawa kwa makundi matatu ya shule 25, na kutibu shule nzima nzima: kundi la kwanza mwaka 1998, la pili 1999 na la tatu 2001. Mahudhurio yalihesabiwa kwa ziara za ghafla. Waliripoti kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo.

Hata hivyo, mwaka 2015 wataalamu wa London waliporudia hesabu hizo walikuta makosa, na wakatahadharisha kwamba shule zilijua zipi zimepata dawa. Naam, hata utafiti mzuri hukaguliwa.

Basi nilimshauri mama yule hivi: Msichague kwa pesa. Andikeni majina ya madarasa kwenye vikaratasi, mwokote kwa bahati nasibu. Nusu waanze uji muhula huu, nusu muhula ujao, ili asiwepo atakayenyimwa. Darasa zima linywe. Atafutwe mtu wa nje, asiyeambiwa ni madarasa yapi, awahesabu watoto bila kutoa taarifa. Tena madarasa machache hayatoshi. Shirikianeni na shule jirani.

"Na pesa za wazazi?" aliuliza.

"Mama, msimtoze mtu kwa sababu ya daftari hili."

Hakufurahi, lakini alikubali kulirudisha kwa kamati.

Nawe msomaji, ukisikia redioni kwamba waliotumia dawa fulani walipona, uliza: Nani aliwachagua? Nani aliwahesabu? Je, wasioitumia walikuwaje? Majibu yakikosekana, usifungue mkoba wako.