Katuni Inapogeuka Ngumi

Mzazi anayeombwa fedha za mchezo wa video wa ngumi huona anaombwa kununua kelele. Juma hili nazungumzia mchezo mmoja tu wa namna hiyo, Dragon Ball FighterZ, maana una kazi ya mikono isiyoonekana na mtu anayepita sebuleni, na una gharama ambayo mnunuzi hukutana nayo baadaye.

Dragon Ball ni manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, iliyochorwa na Akira Toriyama kuanzia mwaka 1984 hadi 1995. Mchezo ulitengenezwa na kampuni ya Arc System Works, ukatolewa na Bandai Namco mwaka 2018. Mafundi walikuwa na kazi ngumu. Kompyuta hupenda kuchezesha sanamu kwa ulaini, kama mtu anayeteleza. Mchoro wa katuni hukaa kidogo, ukaruka, ukakaa tena. Basi wakaunda sanamu zenye pande zote, wakapanga mikao yake kwa mkono, na kila mkao wakauacha kitambo kidogo machoni. Hata vivuli vya usoni walivirekebisha. Ndiyo maana unaweza kuapa kwamba wapiganaji wamechorwa kwa kalamu, mpaka kamera iwazunguke.

Kila mchezaji huchagua wapiganaji watatu. Mmoja hupigana, wawili hungoja kuitwa kusaidia au kupokezana. Asiyejua kitu akibonyeza kitufe kimoja mfululizo hupata mapigo yanayofuatana vizuri, kwa hiyo mgeni haaibiki siku ya kwanza. Na kijana Gohan akimmaliza Cell kwa pigo zito katika uwanja ule ule wa hadithi, mchezo huonyesha tukio lenyewe la kwenye manga. Msomaji wa zamani hupiga kelele hapo, nami simlaumu.

Kuna sehemu ya mazoezi, kuna mapambano ya watu wawili, kuna ya kupitia intaneti, na ngazi ambazo njia yake hupanda au kushuka kulingana na ulivyopigana. Sehemu ya hadithi ndiyo dhaifu. Roho ya mchezaji inaingia mwilini mwa Goku, wazo zuri, lakini baada ya hapo unapambana na nakala za wapiganaji wale wale mpaka unachoka. Anayecheza peke yake kwa ajili ya hadithi hatafaidi kama ndugu wawili wanaogombania kiti.

Sasa fedha. Mchezo ulianza na wapiganaji 24, watatu kati yao wakifunguliwa kwa kucheza. Kufikia mwaka 2022 walikuwa 44, na hao 20 wa nyongeza huuzwa kando, kupitia intaneti. Kwa hiyo ukiletewa diski ya mtumba usidhani wote wamo. Kwanza mwulize mtoto anamtaka mpiganaji yupi, kisha mwulize muuzaji kama yumo ndani ya diski.