Mbwa anachana tandiko lake? Kabla hujamfokea, hesabu vipande vya sponji

Umeamka asubuhi, umetoka uani, tandiko ulilomshonea mbwa juzi limekuwa matambara. Sponji imetapakaa mpaka mlangoni. Hasira zinapanda, ni kawaida. Ila kwanza okota vile vipande, virudishe kwenye foronya, uone kama vimetimia.

Sponji haisagiki tumboni. Ikikwama kwenye utumbo, mbwa anatapika, anakataa chakula, anajikamua bila kutoa choo. Hapo mara nyingi anahitaji kupasuliwa. Kwa mtu wa Dar hiyo ni safari ya bajaji tu. Kwa aliyeko Kilindoni au Utende, kisiwani Mafia, huenda ikawa ni boti hadi Nyamisati, halafu barabara ndefu. Kwa hiyo ukiona dalili hizo mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo. Na usimtapishe kwa maji ya chumvi, chumvi nyingi inaweza kumuua.

Sasa kwa nini anachana? Kama hajafika miezi saba hivi, ni meno yanaota, fizi zinamuwasha. Mpe mfupa mbichi mkubwa asioweza kuumeza, ukiwa unamwangalia. Usimpe uliopikwa, huo unapasuka na kuwa vijiti vikali. Kumbi la nazi nalo liache, hata kama Mafia limejaa kila uani, maana nyuzi zake zinakwama vilevile.

Kwa mbwa mkubwa, kusema kweli, mara nyingi tatizo ni kamba. Mbwa wetu wengi ni wa ulinzi: mchana kutwa kafungwa, usiku anafunguliwa. Saa kumi na mbili za kukaa pale pale bila kazi, atafanya nini zaidi ya kutafuna kilicho karibu? Mtembeze asubuhi kabla jua halijakali, kisha mfichie chakula sehemu mbalimbali akitafute kwa pua. Siku chache tu utaona tofauti.

Wakati wa kaskazi kuna sababu nyingine, joto. Anaparua tandiko ili afike kwenye ardhi ya baridi. Huyo hahitaji godoro, anahitaji kivuli na mchanga wenye unyevu. Akijikuna sana, tafuta viroboto. Jike mwenye mimba (hubeba kama siku 63) anatengeneza pa kuzalia, mwache.

Kumpiga saa nzima baadaye hakusaidii, hajui anapigwa kwa lipi. Ule uso wa kujutia unaouona ni woga tu. Mtandikie turubai nene lililokunjwa, lisilo na kitu ndani, hadi atulie.

Lakini mbwa mtulivu akianza ghafla kung'ata kila kitu, mate yanachuruzika, sauti imebadilika na kumeza kunamshinda, usiingize mkono mdomoni kutafuta sponji. Kichaa cha mbwa huonekana hivyohivyo, kama aliyekwama kitu kooni. Kaa mbali, zuia watoto, mwite afisa mifugo. Ukishang'atwa au mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu. Kama wako hajachanjwa, anza na hiyo kabla ya kumshonea tandiko jipya.