Palma: Historia inayosomeka kutoka ufukweni hadi mlimani

Wengi duniani walilisikia jina la Palma kwa mara ya kwanza tarehe 24 Machi 2021, wapiganaji wenye itikadi kali walipouvamia mji huo wa kaskazini mwa Msumbiji. Lakini mji huu ni mkongwe kuliko vita hivyo, na anayetaka kuufahamu hana budi kutembea kwa miguu, akianzia ufukweni.

Huko chini, penye minazi na mashua za wavuvi, ndiko kwenye Ghuba ya Tungi. Lugha zinazosikika ni Kimakwe, Kimwani na Kiswahili, wala si ajabu, kwani Mto Ruvuma unaopakana na Tanzania hauko mbali. Zamani Tungi ilikuwa chini ya himaya ya Zanzibar, hadi Wareno walipoitwaa kwa nguvu mwaka 1887, enzi za Sultani Barghash. Kaskazini yake, Kionga ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaikomboa mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles ukawathibitishia. Mpaka huo ulichorwa na watu wasiojali nani ameoa upande gani wa mto.

Njia ikipanda mlimani, nyumba za makuti hupungua na majengo ya utawala huanza, mpangilio uliozoeleka katika miji ya kikoloni: mtawala juu, mvuvi chini.

Kutoka huko juu jicho huvuka ghuba kuelekea kusini, kwenye rasi ya Afungi. Gesi iliyogunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010 ilizaa mradi wa dola bilioni 20 unaoongozwa na TotalEnergies. Shambulio la 2021 liliusimamisha. Makumi ya maelfu ya watu waliukimbia mji, baadhi kwa mashua hadi Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado. Wanajeshi wa Rwanda walipowasili Julai mwaka huo, usalama ulianza kurejea, na wakazi nao wakarudi hatua kwa hatua. Mwishoni mwa 2025 kampuni hiyo iliondoa zuio la kazi.

Kwa wavuvi, hesabu ni nyingine. Familia za Quitupo, zilizopisha mradi, zilihamishiwa Quitunda, kijiji kipya chenye nyumba za matofali kilichojengwa mbali na bahari. Bahari ndiyo iliyokuwa riziki yao.